Kamba Haishiki Mzigo: Jinsi Shehena Inavyofungwa kwenye Tela la Wazi

Ukisimama nusu saa kando ya Barabara ya Mandela, pale Buguruni au karibu na daraja la Mfugale, utaona karibu kila aina ya shehena inayoingia na kutoka Dar es Salaam ikipita juu ya tela lisilo na ubavu. Saruji na mbolea chini ya turubai. Nondo za mita 12 zilizolala kwa mafungu. Marobota ya mitumba, mabomba, transfoma, greda lililopandishwa mgongoni mwa gari lingine. Upande wa pili wanakuja wanaoshuka kutoka Tunduma, na baadhi ya matela yao utadhani hayana kitu mpaka uangalie vizuri: vijirundo vifupi vya bamba za shaba kutoka Zambia na Kongo, tani karibu 30 ambazo hazimfiki mtu kiunoni.

Vyote hivyo vimelala juu ya sakafu tupu ya mbao au chuma. Muulize mpita njia ni nini kinavizuia visidondoke, atakwambia ni kamba. Waulize hata baadhi ya wenye mali wanaolipia usafiri, jibu litakuwa hilohilo. Jibu hilo lina ukweli kidogo na hatari nyingi. Mtu aliyelishika vibaya anaweza kufunga mzigo kwa bidii mchana kutwa, akatoka jasho kweli, na bado ukahama kwenye breki ya kwanza ya nguvu.

Kinachoshika ni sakafu

Gari lina breki, mzigo hauna. Dereva akikanyaga breki, matairi yanaishika lami na gari linapunguza mwendo. Mzigo wenyewe unataka kuendelea na mwendo uleule uliokuwa nao. Kitu cha kwanza kinachoulazimisha upunguze pamoja na gari ni msuguano kati ya kitako chake na sakafu ya tela. Cha pili ni kizuizi kilicho mbele yake: ukuta wa mbele wa tela, gogo lililopigiliwa misumari, au mzigo mwingine. Cha tatu ni mnyororo au mkanda uliofungwa kwa namna ya kuuvuta mzigo moja kwa moja kuelekea nyuma. Hakuna cha nne.

Sasa angalia kamba inavyopita kwa kawaida. Inatoka kwenye ndoano ya upande huu, inapanda, inavuka juu ya mzigo, inashuka upande wa pili. Haivuti mzigo kurudi nyuma hata kidogo. Kazi yake ni moja tu: kuukandamiza mzigo chini, ili uikalie sakafu kana kwamba una uzito zaidi, na msuguano uongezeke. Kamba inaisaidia sakafu, na sakafu ndiyo inayoshika.

Je, inatakiwa kushika kiasi gani? Kiwango cha Ulaya kinachotumiwa sana kwa hesabu hizi, EN 12195-1, kinataka mzigo uweze kuzuiwa kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Tuko Tanzania, lakini uzito na breki ni vilevile Mlandizi kama kwingine kokote. Upande wa msuguano, mbao juu ya mbao hutoa kama asilimia 30 hadi 45 ya uzito. Chuma juu ya chuma kilicholowa huweza kushuka hadi asilimia 10 au 20, na chenye mafuta hata chini ya 10. Mpira mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya kuwekwa chini ya mizigo hufika asilimia 60.

Chukua mashine ya tani 10 iliyo ndani ya kreti la mbao, imewekwa katikati ya tela, mbele yake hakuna kitu. Msuguano uwe asilimia 30. Breki kali inaisukuma mbele kwa nguvu ya tani 8. Uzito wake wenyewe unashika tani 3. Zimebaki tani 5, na hizo lazima zitoke kwenye mikanda. Lakini mkanda unakandamiza tu, na katika kila kilo unayokandamiza unapata asilimia 30 peke yake. Kwa hiyo ili kupata tani 5 unahitaji ukandamizaji wa karibu tani 17. Mkanda mmoja mzuri, uliokazwa kwa mkono wake wa kukazia hadi mwisho, hukaa na mkazo wa kilo 350 hivi. Pande zake mbili zikishuka wima, unakandamiza kilo 700. Gawanya: mikanda 24, na hapo bado hujaongeza hata kidogo kwa ajili ya tahadhari.

Hakuna mtu nchini anayefunga mashine moja kwa mikanda 24. Nimewaona wanaofunga minne na kuona wamezidisha.

Badilisha kitu kimoja tu katika hesabu hiyo. Weka mpira chini ya kreti, msuguano upande kutoka asilimia 30 hadi 60. Uzito wenyewe sasa unashika tani 6. Zimebaki tani 2, na kwa asilimia 60 zinahitaji ukandamizaji wa tani 3.3. Mikanda mitano inatosha. Kutoka 24 hadi mitano, kwa vipande vya mpira ambavyo havionekani gari likishapita! Ukiisogeza mashine hiyo hadi iguse ukuta imara wa mbele, au ukapigilia gogo nene mbele yake, mahitaji yanashuka zaidi. Ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha wenye yadi jambo moja tu, ningefundisha hili: fedha ya kwanza itumike kwenye mpira na magogo, mikanda ifuate.

Jambo la bei rahisi kuliko yote ni ufagio. Tela lililoshusha mahindi jana na kupakia mabomba leo lina punje sakafuni. Lililobeba saruji lina vumbi lake, lililobeba mashine lina mafuta. Mchanga, punje na mafuta humaliza msuguano kabla mtu hajagusa kamba. Dakika kumi za kufagia na kumwaga mchanga mkavu penye mafuta, kisha kuufagia, zinafanya kazi ambayo mikanda miwili ya nyongeza haiwezi kuifanya.

Kwenye kona hesabu ni ileile, ila mshtuko wake unaingia taratibu kiasi kwamba dereva hauhisi. Kona ya mzunguko yenye nusu kipenyo cha mita 30, ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, inausukuma mzigo nje kwa nguvu ya zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Mzigo wenye msuguano wa asilimia 30, usiofungwa, huanza kuteleza kwenye kona hiyo ukifika kama kilomita 34 kwa saa. Huo si mwendo wa kasi. Ni mwendo wa mtu anayejiona anakwenda polepole.

Halafu kuna matuta. Kutoka Ubungo kupitia Kimara, Mbezi, Kibamba hadi Kibaha na kuendelea, gari halimalizi safari bila kuruka tuta. Tairi likishuka kutoka kwenye tuta, kwa sekunde ndogo sana mzigo unakuwa mwepesi, na uzito ukipungua msuguano nao unapungua. Hapo ndipo mzigo unapotembea: sentimita moja hapa, nusu sentimita pale. Mkanda uliokazwa unaendelea kukandamiza hata wakati huo, na hii ndiyo sababu ya kweli ya kufunga hata mzigo mzito ambao mtu atakuapia hauwezi kusogea. Uzito pekee haujawahi kuwa kifungo. Mzigo wa tani 20 unasukumwa mbele mara mbili ya ule wa tani 10.

Tani tano za kwenye lebo

Mikanda ya poliesta yenye mkono wa kukazia, ambayo wengi tunaiita belti, imeenea sana katika yadi za Kurasini na Tabata. Kosa linalojirudia ni kusoma namba kubwa iliyoandikwa juu yake. Mkanda wa upana wa milimita 50 una maandishi ya 5000 mahali fulani, na msomaji anahitimisha kwamba mkanda mmoja unashika tani tano, miwili kumi.

Shika lebo yenyewe mkononi. Mkanda wa poliesta una lebo ya buluu iliyoshonwa karibu na mwisho. Kuna alama LC ikifuatiwa na namba, kwa kawaida 2500 daN: huo ndio mvuto ambao mkanda unaweza kuubeba kwa usalama ukivutwa moja kwa moja, na kipimo kimoja cha daN ni karibu sawa na kilo moja. Namba ya 5000 ama ni nguvu ya kukatikia, ama ni mkanda uliozungushwa ukabeba kwa pande mbili. Chini zaidi kuna STF, labda 300, 350 au 500. Hiyo ndiyo namba ambayo karibu hakuna anayeitazama, na ndiyo inayohusika na mkanda unaopita juu ya mzigo, kwa sababu inasema mkazo unaobaki ndani ya mkanda baada ya mtu kuukaza kwa mkono. Mkanda wenye uwezo wa tani mbili na nusu, ukiurusha juu ya mzigo na kuukaza, unafanya kazi ya kilo mia tatu na kitu.

Uwezo ule mkubwa unapatikana mkanda au mnyororo ukifungwa kwenye mzigo wenyewe. Greda, trekta na transfoma vina matundu yaliyowekwa makusudi kwa kazi hiyo. Minyororo minne kutoka pembe nne, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, yote ikifunguka kidogo kuelekea pembeni, inaushika mzigo badala ya kuukandamiza tu. Mashine yenye magurudumu ikifungwa kwa kurushiwa mikanda juu ya kiti cha dereva wake, mfungaji hajafunga kitu: springi na matairi yake vitacheza, mkanda utalegea.

Pembe nayo ina usemi. Nilichukua mkanda unaoshuka wima kwenye hesabu ya kwanza. Sasa rudi kwenye ile shaba. Rundo lina upana wa mita 1, limekaa katikati ya tela la mita 2.5, na kimo chake ni nusu mita. Mkanda ukitoka kwenye ukingo wa rundo hadi ukingo wa tela unakwenda sentimita 75 pembeni na kushuka 50 tu. Umelala. Nguvu inayokandamiza ni kama asilimia 55 ya mkazo wake, iliyobaki inapotea kwa kuvutana upande kwa upande. Mzigo mfupi na mzito ndio mgumu zaidi kuufunga kwa mikanda ya juu, ilhali ndio unaoonekana mpole. Kwa hiyo shaba hutakiwa kuzuiwa kwa magogo au vyuma mbele na nyuma ya kila kundi, na mikanda ije juu ya hapo. Dereva anayeshuka Kitonga akija Dar amebeba shaba anapaswa kujua pia kwamba mteremko wa asilimia 10 peke yake umeshachukua sehemu ya kumi ya uzito na kuielekeza mbele, kabla hajagusa breki.

Kabla ya kamba kuna kupanga

Mfuko wa saruji una kilo 50, na tela linabeba mifuko 600 ukitaka tani 30. Makuli wanaoipanga ndio wanaoamua kama itafika, na wanajua. Mfuko wa juu unakalia kiungo cha mifuko miwili ya chini, safu inabadilishwa mwelekeo kila tabaka, na kadiri wanavyopanda wanaingia ndani kidogo ili ukuta wa mifuko uegemee katikati. Mzigo uliopangwa hivyo unahitaji kamba chache. Uliopangwa kwa viungo vilivyonyooka kutoka chini hadi juu unafunguka kama mlango, na kamba zikikazwa zinazama kwenye mifuko ya juu tu.

Nondo zinanipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote barabarani. Ni chuma juu ya chuma, zina mafuta kidogo ya kiwandani, na zinaelekea mbele, kule alikokaa dereva na utingo wake. Mkanda uliorushwa juu ya mafungu sita unakandamiza yale ya juu, ya chini yanabaki na uhuru wao, na nondo zilizo katikati ya fungu huweza kuchomoka kama zimelegea. Zinatakiwa zizungushwe: mnyororo upite chini ya fungu, uzunguke, ukaze ukilikumbatia, kisha ndio ushuke kwenye tela. Kati ya tabaka na tabaka zikae mbao, zote zikiwa zimenyooka kwenye mstari mmoja wima, ili uzito ushuke moja kwa moja. Na mbele kuwe na ukuta wa chuma ulioungwa kwenye fremu ya tela. Ukuta wa bati jembamba unaowekwa kwa sura hautasimamisha tani 28. Pale Gerezani na Keko utaona nondo zikining'inia nyuma ya kigari cha Kirikuu zikiwa na kitambaa chekundu mwishoni. Kitambaa ni kizuri kwa anayefuata nyuma. Kwa aliye ndani hakifanyi lolote.

Uzito wenyewe unakaa wapi juu ya tela ni suala la mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuisimamia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na ndani ya kikomo hicho kila kundi la ekseli lina chake: tani 18 kwa ekseli mbili zilizoungana, 24 kwa tatu. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likazidisha kwenye ekseli, kwa sababu mzigo ulisukumwa mbele au nyuma. Watu hulazimika kuupanga upya pale kwenye mizani ya Vigwaza, juani, bila winchi, na mzigo unaofungwa mara ya pili kando ya barabara hauwi kama wa kwanza.

Kamba na fundo lake

Kamba ya kawaida basi ina kazi gani? Ina kazi nyingi, kwenye mizigo myepesi yenye kimo: magodoro, marobota, matenga, viti vya plastiki, magunia ya mkaa. Huko shida ni mzigo kutawanyika, na kamba inaukusanya pamoja. Ndiyo pia inayofunga turubai.

Fundo la madereva ni kazi ya akili sana. Mwisho mmoja wa kamba umeshafungwa upande wa kushoto, kamba imerushwa juu na kushuka kulia. Kwenye kimo cha kifua utingo anaikunja kuwa mkunjo mrefu, anauzungushia kitanzi cha kamba ileile shingoni ili usichomoke, na chini yake linabaki jicho. Kamba iliyobaki anaishusha hadi kwenye ndoano iliyo chini ya ukingo wa tela, anaipitisha humo, anairudisha juu, anaipenyeza kwenye jicho, kisha anavuta chini kwa uzito wote wa mwili wake. Kwa hesabu ya shuleni mvuto wake umezidishwa mara tatu. Kamba ikisuguana na kamba inakula sehemu kubwa ya faida hiyo, lakini hata kilichobaki ni zaidi ya alichokuwa nacho mkononi. Uzuri wa fundo hili unaonekana wakati wa kufungua: ukilegeza ncha, lote linaporomoka lenyewe, halihitaji kisu.

Kamba yenyewe inategemea imetengenezwa na nini. Katani, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ilitoa kamba nzuri sana kwa mafundo kwa sababu inakwaruza na kushika. Ikilowa inavimba na kufupika, kwa hiyo inakaza. Ikikauka inalegea, na mtu aliyefunga wakati wa mvua Kibamba atakuta kamba zinaning'inia akifika Morogoro jua likiwa limewaka. Ikihifadhiwa mbichi inaoza kutoka ndani. Kamba za plastiki, zile ziitwazo manila mitaani, haziozi, lakini nyingi ni za polipropilini ambayo jua la Dar huidhoofisha, na ni telezi kiasi kwamba fundo linahitaji mzunguko wa ziada. Ikianza kutoa unga na nyuzi fupi fupi ukiipitisha kiganjani, hiyo iende ikafunge mbuzi. Nailoni halisi ina nguvu kuliko zote hizo ila inavutika, na kamba inayovutika haiwezi kukandamiza kitu kizito kwa muda mrefu.

Popote kamba au mkanda unapopita kwenye pembe kali, weka kitu kati yake na pembe hiyo. Vipande vya tairi chakavu vinafanya kazi vizuri na havina gharama. Bamba la chuma linalosogea milimita tano huku na huku kwenye kila tuta litakata mkanda mpya kabla ya Chalinze.

Turubai

Kwanza lisemwe wazi: turubai halifungi mzigo. Linazuia mvua, jua, vumbi, na kwa mizigo kama mchanga au chuma chakavu linazuia vipande visiruke. Kutegemea turubai lishike mifuko isianguke ni kutegemea kitambaa kilichoshikwa na kamba nyembamba kwenye macho ya chuma.

Adui yake ni upepo, na upepo hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kwenye kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari makubwa, kila mita ya mraba inayoelekea mbele inasukumwa kwa karibu kilo 30. Kwenye kilomita 40 ni kama saba na nusu. Kona moja iliyoachwa wazi ikishika upepo huo inakuwa mfuko, mfuko unang'oa jicho la kwanza, jicho la pili linabeba kazi ya mawili, na baada ya hapo turubai linapasuka kwa mfuatano.

Kwa hiyo mambo mawili. Tela refu likihitaji maturubai mawili, anza na la nyuma, la mbele lije juu yake, yapishane vya kutosha, kwani mdomo wa mpishano lazima uangalie nyuma. Ukianza na la mbele umeufungulia upepo na mvua mlango. La pili ni pembe za mbele: sikio la turubai linalobaki baada ya kushusha uso wa mbele linalazwa ubavuni kuelekea nyuma, halilazwi juu ya uso wa mbele. Nyuma ya gari ni kinyume, masikio yanakunjwa ndani na pazia la nyuma linashuka juu yake. Kisha kamba zinapita juu ya turubai, ukiacha zile za kwenye macho yake, ili lisipige kofi njia nzima. Turubai linalopiga kofi linajitoboa lenyewe kwenye kila pembe ya mzigo.

Juu kusiwe na bonde. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji yakituama kwenye bonde la mita moja ya mraba na kina cha sentimita 10 ni kilo 100, na yanatafuta tundu. Safu moja ya mifuko katikati ikipandishwa juu ya nyingine inatengeneza mgongo, maji yanashuka pembeni. Kwa saruji na mbolea ya urea, ambayo hunyonya unyevu hata wa hewani, weka pia nailoni nyepesi chini ya turubai na mbao chini ya safu ya kwanza, maana maji ya matairi yanaingia kutoka chini.

Kontena ni hadithi fupi: pembe nne, kufuli nne, zote zizungushwe na zikaguliwe kwa mkono. Ipo imani miongoni mwa baadhi ya madereva kwamba kontena lisilofungwa ni salama kwa gari, kwamba gari likilala kontena litaanguka peke yake na kichwa kitapona. Imani hiyo inamwokoa dereva kwa gharama ya aliye kwenye bajaji pembeni yake, na siwezi kuikubali hata kidogo.

Anayefunga na saa yake

Haya yote yanafanywa na nani? Kwa kawaida na makuli wanaolipwa kwa mzigo na utingo anayesubiri kulipwa na dereva. Kuli analipwa kupakia, na akimaliza anakwenda gari lingine. Utingo anafunga peke yake, wakati mwingine usiku, juu ya mzigo wa kimo cha mita nne kutoka ardhini, bila ngazi, akitembea juu ya turubai lililolowa. Mwenye mali anapiga simu kuuliza mbona gari halijatoka. Katika mazingira hayo mtu atafunga mikanda minne, na minne hiyo itaonekana mizuri getini. Kama mwenye gari anataka mzigo ufungwe, saa ya kufunga iwe saa ya kazi inayolipwa, vifaa viwemo garini, na ngazi iwepo. Bei ya mpira na mikanda mitano ya ziada ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya mzigo ulioanguka.

Mzigo uliofungwa vizuri Kurasini hautabaki hivyo. Mifuko inajikusanya, mbao zinakauka, mikanda inatafuta mahali pa kukaa. Kilomita za kwanza ndizo zinazolegeza zaidi. Foleni ya mizani ni nafasi nzuri: wakati gari linasubiri, utingo azunguke na kugonga kila mkanda kwa kiganja. Uliokaza unalia, uliolegea unanyamaza. Arudie tena baada ya matuta mengi na kila wanaposimama kula.

Na mwisho wa safari kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mzigo uliohama njiani hauonekani umehama, kwa sababu umeegemea mkanda. Anayefungua mkanda huo ndiye anayeangukiwa. Kabla ya kulegeza chochote, zunguka gari lote, angalia mikanda ipi imekaza kuliko ilivyoondoka na upande upi mzigo umeinama. Anza kufungua ukiwa upande wa pili wa huo ulioinamia, watu wote wakiwa wameondoka chini yake. Kama umeinama sana usifungue kwa mkono, leta forklifti iushikilie kwanza. Nondo na mabomba vikiwa vimeviringika hadi ukingoni, kazi hiyo isianze mpaka mashine ya kuvishikilia ifike, hata kama itafika kesho asubuhi.